Mtoto wa Mwalimu Bado Hana Jina

Benchi letu lilikuwa ubao mmoja wa mvule juu ya mawe, mbele ya duka la Mhindi muuza nguo pale Busia, mahali ambapo barabara inatoka Uganda ikaingia Kenya na vumbi likabaki lile lile. Mimi ndiye Etyang, fundi wa baiskeli, na kijiweni jina langu lilikuwa Spoku. Kushoto kwangu alikaa Maloba, fundi cherehani, Msamia wa upande wa Kenya. Huyo tulimwita Bama, kwa sababu alipigana Burma katika vita vya Hitla na hakuna jambo duniani ambalo hakuwa ameliona huko. Kulia alikaa Odoi, Mpadhola, tuliyemwita Hakimu. Hakuwa hakimu. Alikuwa tarishi wa baraza la gombolola, yaani la tarafa, kwa miaka mingi, akabeba maneno ya wakubwa kutoka chumba hiki hadi kile mpaka mengine yakamganda mdomoni, hasa methali, na alizitumia popote zilipomdondoka. Kahawa ilikuwa ya Benedeta, mjane Mkatoliki kutoka Bulumbi, aliyejifunza kuipika kwa tangawizi kwa Waswahili wa Mumias. Miaka yenyewe ilikuwa ile ya mwisho ya Mwingereza, tulipoanza kuambiwa kwamba watu wa baraza la wilaya tutawachagua wenyewe kwa kura, na kila mtu aliyekuwa na shati zima akajisikia ana sauti ya kuongoza.

Basi siku moja ya soko, mchana, akatujia Mwalimu Opolot. Huyu lazima nimweleze vizuri, maana habari yote ni yake. Alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, Mteso kama mimi, mtu msema kweli mpaka unamwonea huruma. Alikuwa ameokoka na kujiunga na wale ndugu tunaowaita Walokole. Akaacha pombe, sawa, wengi wameacha. Lakini yeye siku ya ushuhuda wake alileta mrija aliokuwa akinywea ajoni, ile pombe yetu ya ulezi tunaouita wimbi, akauchoma moto mbele ya kanisa. Na katika joto lile la wokovu akachoma na mrija wa marehemu baba yake, Mzee Elungat, uliokuwa ukining'inia nyumbani kwa mama yake.

Kwa asiyetujua, sisi Wateso tunakunywa pamoja kutoka chungu kimoja, tumekizunguka, kila mwanamume na mrija wake mrefu. Mrija wa mtu ni kiti chake. Akifa, unatunzwa. Mama yake, Amuge, hakupiga kelele siku ile. Alizoa majivu akayatia kwenye pindo la nguo yake, akaenda nayo, na tangu hapo hakukanyaga tena mlango wa mwanawe.

Sasa Mwalimu alikuwa amepata mtoto wa kwanza, wa kiume, na mambo mawili yakamkuta kwa pamoja. La kwanza, wazee wa kwao Sikuda walimwambia asimame kwenye kura, maana ni yeye tu anayeweza kusoma karatasi ya bwana DC na kumwambia kwamba hapa si hivyo. Ila walimtaka kwanza Jumamosi aje akae nao kwenye chungu. Pasta akasikia. Akamwambia achague, chungu au mimbari. La pili nitalisema baadaye, maana hata sisi kijiweni tulikuwa hatuligusi.

Kwa nini alikuja kwetu? Nadhani ni kwa sababu kahawa haikuwa pombe, wala haikuwa meza ya Bwana. Mtu aliweza kuinywa bila kuandikwa upande wowote. Alikaa mwisho wa benchi, kofia magotini, akasema anataka ushauri. Masikini. Kijiweni kwetu ushauri haukuwahi kukosekana, ulikosekana wa kufaa.

— Mwalimu, hii maneno ni rahisi sana, alianza Hakimu. Wahenga nasema, mkono mtupu haulambwi. Wewe nakwenda kwa watu naomba kura, mkono yako iko na nini ndani? Biblia? Biblia hailambwi.

— Siwezi kununua kura kwa pombe, Hakimu.

— Nani amesema nunua? Weka mrija tu. Kunywa si lazima. Vuta hewa.

— Mrija niliuchoma.

— Azima.

Nikamwambia Hakimu kwamba kwetu mrija hauazimwi kama pampu ya baiskeli. Akanijibu kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mpaka leo sijajua alikuwa na maana gani.

Bama alisafisha koo. Alipofanya hivyo tulijua tumepanda meli ya kwenda Burma, na Benedeta akamimina raundi nyingine maana safari ile haikuwa fupi.

— Kule Burma tulikuwa na padri wa jeshi, Mskoti. Kila Jumapili anahubiri tusinywe. Kila Jumamosi anasimama kwenye foleni ya ramu kama kuruta yeyote. Nikamuuliza, Bwana Padri, hii imekaaje? Akaniambia, Jumamosi mimi ni wa Kaisari.

— Na Jumapili? aliuliza Mwalimu.

— Jumapili alikuwa anaumwa kichwa.

Benedeta akacheka mpaka birika likatikisika. Akasema Wakatoliki hawana taabu hizo, na kwamba sisi Waprotestanti tumemfanya Mungu kuwa askari wa kodi, anapita nyumba hadi nyumba akinusa vyungu. Padri wa kwao, alisema, aliwaambia tu wamchague mtu atakayelinda shule, kisha akawatakia safari njema. Hakimu akamuuliza kama padri alimtaja mtu huyo kwa jina. Benedeta akasema kumtaja hakumtaja, alimtazama tu, naye alikuwa amekaa benchi la mbele.

Hapo Mwalimu akasema lililokuwa moyoni mwake, na nilipenda alivyolisema, polepole, akiitazama kofia yake.

— Ndugu zangu wa uamsho wananiambia, Opolot, usijichafue, dunia hii inapita. Ni kweli inapita. Lakini ikipita Sikuda inapita na kiboko. Mwezi uliopita askari wa chifu walimfunga mzee kwenye nguzo kwa sababu ya kodi. Nilikuwepo. Nilisali. Sikujua nifanye nini kingine. Mkristo asipokaa waliko watu, atawatetea akiwa wapi?

Hilo lilikuwa swali la maana, na kijiwe chetu kilikuwa na tabia ya kulikimbia swali la maana kwa mbio za sungura.

— Lakini Yesu mwenyewe alikaa kwa chungu, akasema Hakimu. Soma Kana. Harusi, mitungi sita. Mtu gani iko na mitungi sita kwa nyumba moja? Mimi naona Myahudi moja kule Kisumu, yeye iko na chupa. Mitungi sita ni Mteso. Kwa hivyo harusi ya Kana ilikuwa hapa hapa, upande ya Tororo.

— Maji yalikuwa ya kunawia, Hakimu, alisema Mwalimu.

— Mwanzo, ndiyo. Na mwisho?

Bama hakukubali kupitwa. Alisema kwamba mambo ya Tororo yeye alikwisha kuyapeleleza. Shetani alimpandisha Yesu juu ya mlima mrefu akamwonyesha milki zote za dunia, si ndivyo? Sasa mlima gani unakaa juu yake ukaona serikali mbili kwa mpigo mmoja, Uganda mkono huu na Kenya mkono huu? Ni ule mwamba wa Tororo. Hakuna mwingine. Hata alama ya kiti ipo.

— Basi shetani alikuwa bwana DC? aliuliza Hakimu kwa sauti ya chini, akitazama barabarani kwanza.

— Hapana. Shetani alikuwa mgombea. Aliahidi vitu ambavyo havikuwa vyake.

Mwalimu akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akicheka tangu mtoto azaliwe, na Bama akavimba kwa furaha kama aliyepandishwa cheo. Lakini Benedeta, aliyekuwa akisuuza vikombe, akarudi kwenye habari ya Kana kana kwamba haikuwahi kuondoka.

— Nyinyi mnahesabu mitungi tu. Aliyemwambia divai imekwisha ni nani? Si mama yake? Alikwenda harusini na mama yake.

Kicheko cha Mwalimu kikaishia pale pale. Akainamisha kichwa. Ndilo lile jambo la pili, lile tulilokuwa hatuligusi, na Benedeta alikuwa ameliweka katikati ya benchi pamoja na vikombe.

Nalo ni hili. Mtoto wa Mwalimu hakuwa na jina. Kwetu mtoto hapati jina kwa maji ya kanisa peke yake. Bibi yake huchovya kidole kwenye ajoni, humwekea mtoto mdomoni, halafu majina ya ukoo yanatajwa moja moja. Jina ambalo mtoto atalinyonyea kidole, hilo ndilo lake. Kabla ya hapo mama na mtoto hawatoki uani, na mtoto ni kama mgeni aliyesimama mlangoni hajaambiwa karibu. Sasa Mwalimu alikataa pombe isiingie kwake. Amuge alikataa kuingia nyumba ya mtu aliyechoma mrija. Pasta alikuwa amekwisha kuchagua Herbert, kwa heshima ya mmisionari wa zamani. Alupo, mke wa Mwalimu, alikaa ndani na mtoto wake akingoja watu wazima wamalize. Na Mwalimu aliwahi kuniambia, siku nilipokuwa namtengenezea mnyororo wa baiskeli, kwamba anachokiogopa hasa si pombe. Anaogopa majina yatajwe, na mtoto anyonye kwenye jina la Elungat. Baba yake alikufa bila ubatizo. Pasta alikuwa amesema mbele ya watu wote waliko wafu wa namna hiyo. Niliendelea kutia mafuta mnyororo, maana nilimpenda Mzee Elungat na ningesema neno baya.

Vikombe vikiwa bado katikati ya benchi, ndipo akatokea Elinah.

Elinah ni dada yake Mwalimu, ameolewa Amukura, upande wa Kenya. Alikuja kwa miguu, mavumbi mpaka magotini, na kitambaa kilichofungwa fundo mkononi. Alitusalimia mmoja mmoja kwa heshima zote, akauliza habari za ng'ombe wa Hakimu, akamwambia Bama kwamba koti alilomshonea mume wake linabana. Kisha akafungua fundo, akatuonyesha shanga ndogo za kiunoni, nyekundu na nyeupe, za kumvisha mtoto. Alikuwa na furaha ambayo ilituumiza kuitazama, maana habari zetu za upande huu zilikuwa hazijamfikia.

Kwetu shangazi hamwendei mtoto mchanga kimya kimya. Akifika njiani karibu na ua, anamwita mtoto kwa jina lake, kwa sauti, ili nyumba ijue amekuja kwa ajili yake. Hiyo ndiyo salamu yake ya kwanza kwa mwana wa kaka.

— Nimetoka alfajiri ili nifike nikiita, alisema. Haya, kaka, nipe jina. Mtoto anaitwa nani?

Hakimu alitafuta methali ndani ya kikombe chake asiione. Bama, aliyeona kila kitu Burma, alikuwa anatazama spana yangu kama hajawahi kuona spana. Benedeta alikoroga kahawa isiyohitaji kukorogwa. Na mimi nilizungusha gurudumu ambalo lilikuwa limenyooka tangu asubuhi. Mchana mzima tulikuwa tumemwambia mtu huyu nani aiongoze wilaya, Yesu alikuwa kabila gani na shetani aliketi wapi, na hilo dogo lilitushinda.

— Hana, alisema Mwalimu.

— Hana nini?

— Jina. Bado.

Elinah alikunja shanga polepole akazirudisha kwenye kitambaa.

— Kaka, mwezi umekufa na mwingine umeandama. Akilia usiku mnamwitaje?

— Tunamwambia nyamaza.

Sijui kama nimewahi kusikia neno la kusikitisha kuliko hilo, nami nimekaa kwenye benchi hilo miaka mingi. Elinah hakumkemea. Alifanya jambo ambalo wanawake hawakulifanya kijiweni kwetu, akakaa, kati yangu na Bama, na sisi tukajisogeza. Mwalimu akamweleza yote, chungu na mimbari, pasta na wazee, Herbert na majina ya ukoo. Waliongea kwa Kiteso, na nilikuwa nikimtafsiria Bama na wenzake kwa chini. Elinah alisikiliza mpaka mwisho.

— Mimi nilizaliwa mwaka gani? aliuliza.

— Mwaka wa nzige.

— Nzige walikula nini?

— Kila kitu. Wimbi lote, mtama wote. Hata nyasi za paa walizitafuna.

— Basi ajoni ya kunipa jina ilitoka wapi?

Mwalimu aligeuka akamtazama.

— Hapakuwa na ajoni, alisema Elinah. Bibi alichovya kidole kwenye maji. Mama amenisimulia mara nyingi, wewe ukiwa shule. Nikanyonya kwenye jina la Amoit, na Elinah nikalipata kanisani baadaye, na yote mawili nayaitikia. Na aliyetumwa kisimani kuleta maji hayo ni wewe, na kibuyu. Ulijikwaa ukamwaga nusu. Ukaingia unalia. Baba akacheka akasema, acha kulia, nusu inatosha, mtoto mwenyewe ni mdogo.

Mwalimu aliweka kofia chini, vumbini, bila kujua ameiweka.

— Nakumbuka kibuyu, alisema. Nilidhani yalikuwa maji ya mama ya kunywa.

— Lakini kwa sheria maji si ajoni, akaanza Hakimu, nilipomtafsiria.

— Hakimu, kunywa, alisema Benedeta.

Mwalimu hakuwasikia.

— Basi iliyonizuia haikuwa pombe, alimwambia dada yake. Ni mimi. Nilichoma mrija wa baba nikafikiri namchoma shetani. Na sasa naogopa hata jina lake. Pasta anasema baba hakubatizwa.

— Hakubatizwa. Lakini nani alikupeleka misheni? Aliuza fahali wake wa kulimia. Kila Jumapili alikusindikiza mpaka mlangoni mwa kanisa, wewe ukaingia ukaimba, yeye akakaa nje juani mpaka mwisho, kwa sababu hakuwa na shati. Hukumbuki? Alisema kuimba kwenu kunasikika vizuri tu akiwa nje. Mtu huyo, kaka, jina lake linakosa nini lisiingie?

Mwalimu alilia. Hakujificha, wala sisi hatukugeuka, maana kugeuka kungekuwa kumwacha peke yake. Bama alimwekea mkono begani, ule mkono wake mzito wa vita, akauacha pale.

Kisha Mwalimu akasimama, akavuka barabara kuelekea sokoni, kichwa wazi. Amuge alikuwa kwenye mahali pake pa siku zote, na kapu lake la wimbi na kipimo chake cha mkebe. Tulimwona mwanawe akipiga magoti mbele ya kapu. Mwalimu wa shule, anayetajwa kwa baraza la wilaya, magoti kwenye maganda ya ndizi, soko zima likitazama. Amuge alikuwa anampimia mteja. Hakuacha. Alijaza mkebe, akapitisha kiganja juu usizidi usipungue, akamimina kwenye mfuko wa mteja, akaufunga, akasema asante. Ndipo akamtazama.

Alizungumza Mwalimu kwa muda. Hatukusikia neno. Baadaye Amuge alinyanyuka, akamkabidhi jirani kapu lake, akavuka barabara kuja kwetu na mwanawe nyuma yake. Alimkumbatia Elinah. Halafu akamgeukia Mwalimu, na haya niliyasikia mwenyewe.

— Mrija haurudi, alisema.

— Haurudi, mama.

— Jina linarudi.

Akamwomba Benedeta maji. Benedeta alichagua kikombe kisicho na ufa, akakisugua kwa majivu, akakisuuza, akakijaza maji safi ya mtungi mpaka karibu na mdomo. Amuge alikipokea, akakitazama, kisha akampa mwanawe.

— Beba wewe. Safari hii usimwage.

Hapo Hakimu alishindwa kujizuia. Miaka ya tarishi, mtu hawezi kuona shauri linaondoka bila kuuliza limeishaje.

— Na Jumamosi, Mwalimu? Chungu ya wazee je?

— Nitakwenda nikae nao. Bila mrija. Anayetaka kunichagua anichague hivyo.

— Na mimbari?

— Mimbari ni ya pasta, alisema Mwalimu. Mama ni wangu.

Wakaondoka. Nyumba ya Mwalimu ilikuwa nyuma ya kanisa, umbali wa mtu kuitana. Amuge alitangulia, Elinah akafuata na shanga zake, na Mwalimu nyuma yao na kikombe kidogo cha kahawa mikononi, macho kwenye maji, akitembea polepole katikati ya soko. Watu walimpisha. Wenye mbuzi walivuta kamba. Wanawake wa ndizi waliacha kupatana bei. Walipita mbele ya kanisa, na nilimwona pasta amesimama mlangoni, akiwatazama. Labda alikuwa na la kusema. Lakini ni vigumu kumsimamisha mtu aliyebeba maji yaliyojaa, na pasta, tuseme haki, hakumsimamisha.

Sisi tukabaki tunangoja. Bama alisema kule Burma kungoja ndiyo kulikuwa kugumu zaidi, risasi zilikuwa nafuu. Hakimu alisema mtoto atanyonya kwenye Herbert, kwa kuwa mtoto wa mwalimu hupenda Kizungu. Benedeta alisema mtoto mwenye njaa atanyonya kwenye jina la kwanza litakalotajwa. Nikamkumbusha kwamba Amuge ndiye atakayeyataja. Akatabasamu, akasema basi tungoje, maana Amuge si mjinga, atajua la kuanza nalo.

Elinah, nilivyokuja kuambiwa, hakuingia nao. Alisimama njiani nje ya ua, maana alikuwa bado hana cha kuita. Soko lilikuwa limeanza kuvunjika. Mhindi alikuwa anaingiza vitambaa vyake ndani.

Ndipo sauti yake ikaja, kutoka nyuma ya kanisa, ndefu, kama anavyoitwa mtu aliye mbali ambaye unajua atageuka.

— Elungat.

Akaita tena, na wanawake wa uani wakamjibu kwa vigelegele, na kati yao, nina hakika, ilikuwepo sauti ya Alupo, iliyokuwa haijasikika nje tangu ajifungue. Bama alivua kofia yake ya jeshi. Benedeta akafanya ishara ya msalaba. Mimi nililia, na sioni sababu ya kusema vingine. Niliona kabisa yule mzee amekaa juani nje ya kanisa, na safari hii mtu ametoka kumwambia aingie.

Baada ya muda Bama alirudisha kofia kichwani.

— Sasa, Hakimu. Ulisema nini? Mkono mtupu haulambwi?

Hakimu aliinua kikombe chake kuomba kahawa ili apate nafasi ya kufikiri, na Benedeta akamwinamishia birika kumwonyesha kwamba hamna kitu ndani. Akakitazama kikombe kile kitupu, kisha mkono uliokishika.

— Kumbe inalambwa, alisema.